Saa Kumi Kasoro Dakika Kumi

Nilikufa mara nne katika filamu moja,
dola tatu kwa kila kifo, na chakula cha mchana.
Cha kwanza juu ya paa la baa. Baa yenyewe ukuta wa mbele tu,
mbao zimeegemezwa magogo, nyuma yake nyika na upepo.
Cha pili mlangoni. Cha tatu kando ya pipa la maji,
nimebadilishwa kofia nisijulikane.
Cha nne sikukifa vizuri; nilichoka,
nikalala chini kabla bunduki haijalia.

Mwaka wa sitini na nane, nje kidogo ya Ely, Nevada.
Mwongozaji, bwana Lasko, alikuja na kamera moja na nusu
(ile nusu ilikwama kila palipopoa)
na farasi sita wa kukodi kwa akina Etcheverry,
farasi wa kuchungia kondoo, waoga hata wa mlio wa mlango.
Siku ya tisa fedha zikaisha.
Sherifu akauawa mapema, maana alidai malipo yake.

*Deni la Bonde Kavu* ilioneshwa wiki moja mjini.
Alhamisi tulikuwa watu kumi na mmoja, sita ndugu zangu.
La kuvunda halina ubani. Tukaisahau,
nami nikarudi kwenye tanuri la shaba,
nikayeyusha humo miaka yangu thelathini.

Juzi Maribeth, mjukuu wangu, kaja na simu:
"Babu, wewe ni maarufu."
Kijana mmoja wa Tulsa aliokota kanda
kwenye mnada wa vitu vya marehemu,
akaiweka mtandaoni kwa dhihaka,
na dhihaka ikaota mizizi.
Watu laki tatu wamenitazama nikianguka paani.
Wamegundua nina saa mkononi,
saa ya chuma, inameta juani,
na hadithi ni ya zama za magari ya maksai!
Wameikuza picha hadi akrabu zikasomeka:
saa kumi kasoro dakika kumi.
Sasa kila Oktoba hujaza sinema moja kuukuu usiku wa manane,
fulana zao zina mkono wangu,
na nikianguka huinua viwiko na kuitaja saa kwa sauti moja.
Huko Norwe mtu kaichanja begani.

Wanacheka. Hata mimi nilicheka.
Hawajui zamu yangu ilianza saa kumi kamili,
kwamba niliamka kwenye marobota ya nyasi, maiti wa dakika moja,
nikapanda gari na damu ya sharubati shingoni,
na msimamizi Pruett akanikata robo siku.

Ila kuna dakika ya hamsini na mbili.
Dirishani, mwanamke.
Wamempa jina, Anayetuona,
kwa kuwa anaikodolea kamera, kosa la kiwango cha watoto,
halafu anatabasamu, halafu hayupo.
Wanabishana: ni mzuka; ni hawara wa mwongozaji;
ni ishara kwamba yote yalikuwa ndoto.

Ni Ardis. Aliajiriwa kukata mikate.
Aliyepangiwa dirisha aliondoka na sherifu.

Ninazo picha zake nne,
zote kasimama wima kama anayengoja hukumu,
na tangu themanini na tatu
nimekuwa nikisahau, kidogo kidogo, alivyogeuza shingo.

Maribeth amenionyesha pa kugusa ili irudi.
Hakuitazama kamera.
Mimi nilikuwa pale, karibu na miguu yake mitatu,
naivaa kofia ya kifo cha tatu,
imenizama hadi masikioni.

Niwaandikie, anasema mtoto, watafurahi sana.
Nimekataa. Kufa kufaana: saa wamepata, inawatosha.
Usiku usingizi ukigoma naifungua simu,
naruka vifo viwili vya mwanzo,
na namba ya watazamaji inapanda kwa mmoja.
Yule wa Norwe, huenda, anafurahi
kwamba wamepata mgeni.